Tumbusi wa Gemu na Mla Mifupa wa Mlima Kenya

Je, wajua kuwa yupo ndege anayemeza mfupa wa paja la mwanakondoo mzimamzima, na kufikia kesho yake mfupa wote umeyeyuka tumboni?

Waliobuni gemu za Pokémon huenda walikuwa na habari zake. Septemba 2010, Pokémon Black na Pokémon White zilipotoka Japani, alizuka humo Mandibuzz: tumbusi mwenye upara, aliyejizungushia mifupa kiunoni mithili ya sketi na kuchomeka mwingine kichwani. Kiota chake nacho ni cha mifupa. Kifaranga, Vullaby, bado hajui kuruka, na mifupa kwake ni nepi. Wote ni majike. Madume hayapo kabisa.

Upara ule na kola ya manyoya shingoni vinamkumbusha mtu kondori wa Amerika Kusini. Mifupa, lakini, ina mwenyewe, na mwenyewe huruka juu kabisa ya mashamba ya chai na miraa.

Ni tumbusi mwenye ndevu. Wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, iliyokuwa zamani ndani ya wilaya ya Meru, huupita msitu, wakaipita mianzi, wakatokea kwenye majani makavu na majabali. Hapo, mwenye bahati humwona akipita kimya: mabawa membamba yanayoweza kufika mita 2.8 toka ncha hadi ncha, mkia wenye umbo la kabari, na kishungi cheusi kikining'inia chini ya mdomo. Hana upara. Hahitaji, kwa kuwa hatumbukizi kichwa ndani ya mzoga wenye damu kama jamaa zake.

Yeye huja karamu ikiisha. Mifupa ndiyo sehemu kubwa ya chakula chake, na ndani yake mna uboho wenye mafuta tele. Mfupa ukiwa mkubwa mno kumezeka, huubeba kwa miguu, akapaa nao makumi ya mita, akauachia uangukie jiwe. Usipovunjika huushukia, akaupandisha tena, na tena. Makinda huchukua miaka kadhaa kabla ya kuumudu ufundi huo. Asidi ya tumbo lake, yenye pH ya karibu 1, humaliza kazi iliyobaki.

Na urembo? Huo waliomchora hawakuugusa, nami naona wamepoteza kitu kizuri. Manyoya ya kifua chake kwa asili ni meupe, lakini ndege huyu huenda kujigaragaza kwenye udongo wenye madini ya chuma mpaka yageuke rangi ya kutu. Kwa nini hasa, wataalamu bado wanabishana. Wenyeji wa Embu, ambao udongo wao hauachi shati jeupe salama, pengine hawatashangaa sana.

Pale gemu inapomfanya Mandibuzz jambazi anayemvizia aliyedhoofika na kumnyakua kwa kucha, hapo wamewasingizia tumbusi. Wengi wao wana miguu dhaifu, ya kutembelea tu. Katika Mbuga ya Kitaifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, mzoga wa nyati huwa na zamu zake: tumbusi mkubwa mwenye ngozi iliyokunjamana masikioni huchana ngozi ngumu, kundi la tumbusi wa mgongo mweupe huingia kwenye minofu, na yule mdogo mwenye mdomo mwembamba huokota vipande.

Jirani ya Meru, kule Laikipia, mtafiti Darcy Ogada na wenzake waliweka mizoga ya mbuzi wakaona kinachotokea tumbusi wasipofika. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha kuwa mizoga ilichukua karibu mara tatu ya muda kuisha, huku wanyama kama fisi na mbweha wakikutana hapo kwa wingi zaidi. Wakikutana, huambukizana magonjwa, na baadhi ya magonjwa hayo hufika kwa mbwa wa nyumbani.

Adui wao mkuu ni sumu. Simba au fisi akila ng'ombe, mfugaji mwenye uchungu hunyunyizia mabaki dawa ya wadudu. Aliyekusudiwa huenda asirudi; tumbusi huja wote, kwa makumi. Utafiti wa mwaka 2015 ulikuta kuwa spishi saba za tumbusi barani Afrika zilikuwa zimepungua kwa asilimia 80 au zaidi katika vizazi vitatu. Mwaka huohuo tumbusi wa mgongo mweupe, aliyekuwa wa kawaida kuliko wote, aliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka.

Ukikuta tumbusi wamekufa kando ya mzoga, usiguse kitu wala usiwaache mbwa wasogee. Ita maafisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) walio karibu nawe siku hiyohiyo, kabla kundi jingine halijatua.