Je, Wajua Anga Hii Ilitiwa Weusi Chumbani?

Picha ya mpiga picha Ansel Adams iitwayo "Moonrise, Hernandez, New Mexico" inaonyesha mwezi ukiwa juu ya kijiji kidogo cha Marekani. Kuna kanisa, makaburi yenye misalaba inayong'aa, milima yenye theluji, na juu yake anga nyeusi tii. Wengi huitazama wakaamini kwamba jioni ile ilikuwa hivyo hivyo. Sivyo. Wakati huo hata jua lilikuwa halijazama.

Adams aliipiga mwaka 1941, akiwa safarini. Alipoona mandhari hiyo alisimamisha gari, akatoa mbio mbio kamera yake kubwa ya filamu ya inchi 8 kwa 10, lakini kipimo cha mwanga akakitafuta asikione. Ikabidi apige hesabu kutokana na mwangaza wa mwezi, ambao alikuwa akiukumbuka. Alipotaka kupiga ya pili, jua likawa limeshaondoka kwenye misalaba. Basi negativu, yaani filamu yenye picha inayotolewa nakala, ikawa moja tu, nayo ilikuwa na shida: sehemu ya kijiji na makaburi ilikuwa hafifu mno. Mwaka 1948 aliirudisha kwenye dawa ili kuikoleza sehemu hiyo. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, kwani ingeharibika, picha ingepotea moja kwa moja.

Kazi kubwa ilikuwa kusafisha picha. Katika chumba cha giza, taa humulika karatasi kupitia negativu. Karatasi ikipata mwanga mwingi inakuwa nyeusi, ikipata kidogo inabaki nyeupe. Fundi hukinga mwanga kwa kiganja au kipande cha kadibodi, akikichezesha bila kutulia ili ukingo wake usiache alama. Palipokingwa hubaki peupe, palipoongezewa mwanga hukolea. Ndivyo Adams alivyoitia anga weusi. Katika nakala za mwanzo mawingu membamba yanaonekana juu. Katika za baadaye yamemezwa karibu yote. Alisafisha nakala zaidi ya 1,300. Yeye, aliyekuwa amesomea piano, alisema negativu ni kama nota za muziki, na nakala ni upigaji wake.

Ndani ya Photoshop, programu iliyotoka mwaka 1990, kifaa cha kukoleza kivuli kimechorwa alama ya kiganja. Ni kiganja kile kile cha chumba cha giza. Na simu yako huhariri kabla hujagusa chochote: kila kijidoa cha kihisi chake hupokea rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na bluu, na programu hukisia zile mbili zilizobaki kwa kuangalia vijidoa vya jirani.

Kwa hiyo swali la maana si kama picha imehaririwa, bali ni kitu gani kimeguswa. Februari 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza nchini Misri zikaribiane ili zienee kwenye jalada, likalaumiwa, na kwa haki. Adams hakuusogeza mwezi wala kuongeza msalaba.

Mpaka huo kati ya kurekebisha mwanga na kubadili kilichokuwepo unatuhusu hata sisi tusio wapiga picha. Ukipeleka picha za harusi kwa fundi, mwombe apunguze kivuli usoni, akoleze maua, anyooshe picha iliyopinda. Rangi ya ngozi ya bibi harusi aiache kama ilivyo.