Kwa nini mgonjwa hutoka upasuaji wa moyo akiwa amevimba?

Jamaa wanaomtembelea mgonjwa katika chumba cha wagonjwa mahututi baada ya upasuaji wa moyo mara nyingi hushtuka. Aliingia na uso wake wa kawaida, sasa mashavu yamevimba na vidole vimejaa. Minong'ono huanza kwamba huenda madaktari wamekosea. Mara nyingi hakuna kosa lolote. Hiyo ni athari ya mashine iliyomweka hai.

Ili daktari abadilishe vali au azibe tundu, aghalabu moyo husimamishwa. Mashine ya moyo na mapafu huipokea damu, huitia oksijeni na kuirudisha mwilini. Daktari John Gibbon alifaulu kuitumia kwa mgonjwa mwaka 1953 mjini Philadelphia, Marekani.

Jambo la kwanza ni maji. Mipira ya mashine haiwezi kuachwa na hewa ndani, maana hewa ikifika kwenye ubongo inaweza kuua. Kwa hivyo hujazwa maji ya dripu, lita 1 hadi 2, ambayo huchanganyika na damu ya mgonjwa. Ni kama kuzimua tui la kwanza kwa maji: nazi ni ile ile, lakini uzito umepungua.

Tupige hesabu. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, na karibu lita 2 kati ya hizo ni chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, yaani asilimia 40. Ukiongeza lita moja na nusu ya maji, zinashuka hadi asilimia 31. Mwili huvumilia. Tena damu nyepesi hupita kwa urahisi mwili unapopozwa. Lakini aliyeingia na asilimia 30 hushuka hadi 23, na hapo huenda akahitaji kuongezewa damu. Mtoto mchanga wa kilo 3 ana robo lita tu, kikombe kimoja cha chai. Kwake, mara nyingi mashine yenyewe hutiwa damu ya mchangiaji.

Jambo la pili ni mchochota. Damu imezoea kupita ndani ya mishipa. Ikigusa plastiki, mwili hudhani umevamiwa. Chembe nyeupe huamka, kemikali humwagika, na kuta za mishipa midogo hulegea. Maji yaliyoongezwa huvuja na kuingia kwenye nyama, ndiyo sababu ya uvimbe. Yakiingia kwenye mapafu, kupumua huwa kugumu. Figo nazo zinaweza kulemewa.

Wataalamu hupunguza madhara hayo kwa kutumia mipira mifupi, mipira iliyopakwa dawa ndani, na chujio la kuondoa maji ya ziada. Wagonjwa wengi huanza kupungua uvimbe siku chache baadaye, maji yanapotoka kwa mkojo.

Familia nazo zina wajibu. Mgonjwa mwenye upungufu wa damu atibiwe mapema, kabla ya siku ya upasuaji. Mkiona uvimbe, muulizeni muuguzi kuhusu mkojo na kupumua kabla ya kulaumu. Na mkiombwa kuchangia damu, msidhani ni njama ya hospitali. Maji ya dripu hutoka kiwandani, lakini damu hutoka kwa mtu tu.