Kipimo Kimoja cha Choo Hakitoshi

Kirando, wilayani Nkasi, watu huvua, huoga, hufua na kuteka maji Ziwa Tanganyika. Juu yake, kwenye nyanda za Ufipa, kaya nyingi hufuga nguruwe. Maji yenye konokono huleta kichocho, na nguruwe wanaozurura huleta tegu. Ndiyo maana mtu wa huku akiumwa tumbo hupimwa choo. Akiambiwa hakuna mayai yaliyoonekana, hurudi nyumbani akiamini yu salama, ilhali minyoo anaweza kuwa nao.

Maabara haitafuti minyoo wenyewe. Hutafuta mayai yao, na hutazama kiasi kidogo sana cha choo. Njia ya Kato-Katz, inayotumika sana katika uchunguzi wa jamii, huchukua miligramu 41.7 tu, karibu uzito wa punje mbili za mchele. Kila yai linaloonekana huzidishwa mara 24 ili kupata idadi ya mayai katika gramu moja. Kwa hiyo mwenye mayai machache anaweza kupimwa leo yasionekane, na kesho yakaonekana.

Aina ya mnyoo nayo ina uzito wake. Jike mmoja wa minyoo mviringo wa tumboni hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, hivyo ni rahisi kumgundua. Jike wa kichocho cha tumbo hutaga mamia machache tu, na mengi hunasa kwenye ini na kuta za utumbo bila kutoka na choo. Isitoshe, baada ya maambukizi hupita wiki tano au zaidi kabla ya mayai kuanza kuonekana. Kwa kichocho hicho, sampuli za siku mbili au tatu tofauti ni bora kuliko moja. Kipimo cha mkojo kinachonasa chembechembe zinazomwagwa na minyoo hai nacho husaidia sana, pale kinapopatikana.

Muda nao unaharibu majibu. Mayai ya minyoo ya safura huyeyuka machoni pa mpimaji: slaidi ya Kato-Katz isiposomwa ndani ya dakika 30 hadi 60, hayaonekani tena. Kichocho cha kibofu hakipimwi kwa choo bali kwa mkojo, na mkojo mzuri ni wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa kuwa ndipo mayai hutoka kwa wingi.

Tegu lina ugumu wake. Mayai ya tegu la nguruwe na ya tegu la ng'ombe hayatofautiani chini ya hadubini. Ukiona vipande bapa vyeupe kwenye choo au nguo ya ndani, viweke kwenye kopo safi uvipeleke kituoni, maana pingili hizo ndizo humwezesha mpimaji kutambua aina. Mtu hupata tegu la nguruwe kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vijifuko vya mabuu ya tegu hilo. Lakini akimeza mayai ya tegu hilo, kwa mikono au maji machafu, vijifuko huota mwilini mwake, hata kwenye ubongo, na kuleta kifafa. Hapo choo kinaweza kuwa safi kabisa. Ugonjwa hutafutwa kwa picha ya CT-scan na kipimo cha damu.

Kwa sababu hiyo, aliyewahi kupata degedege au kifafa amweleze mhudumu kabla ya kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho na tegu, hata kwenye kampeni ya kugawa dawa shuleni au kijijini. Dawa hiyo ikiua vijifuko vya kichwani inaweza kuamsha degedege.

Unapokwenda kupimwa, peleka choo kibichi cha siku hiyo kwenye kopo lenye mfuniko. Mweleze mhudumu unaoga wapi, unakula nini na dalili zimeanza lini. Majibu yakiwa safi na dalili zikabaki, rudi ukaombe kupimwa tena.