Je, Wajua? Mulungwishi na huduma za serikali za mitaa

Kila mamlaka ya hapa ina bajeti yake? La. Kwa sheria ya Kongo ya Oktoba 2008, ni mji, komini, sekta na utawala wa kimila pekee zenye baraza, mapato na bajeti zake. Teritwari, kama vile Kambove, pamoja na kata na vijiji, ni ngazi za utawala tu.

Mtoto aandikishwe lini? Ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, kwa afisa wa hali ya kiraia. Kabla ya Sheria ya Familia kurekebishwa mwaka 2016, muda ulikuwa siku 30. Nenda na karatasi ya hospitali alikozaliwa. Ndani ya muda huo uandikishaji ni bure.

Na ukichelewa? Utahitaji hukumu ya mahakama kwanza, na hapo ndipo gharama na safari zinapoanza.

Shaba inatuachia nini? Sheria ya Madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo mkazi ana haki ya kuuliza ile 15 imejenga nini: shule, kisima au barabara?

Na mji jirani wa Likasi una komini ngapi? Nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru.

Umelipa ushuru? Dai risiti, uitunze.