Kuteua Parachuti ya Roketi Nzito ya Mfano: Hesabu, Hewa ya Nairobi na Istilahi za Kiswahili

1. Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mpanda ngazi hushuka. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wenye vyeo, lakini hakuna kinachoitii kikamilifu kama roketi. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ilikuwa kipande cha roketi. Tukio hilo liliwakumbusha wengi kwamba kurusha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kushusha.

Nusu hiyo ya pili haiwahusu wageni pekee. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, Juja, kuna mradi wa kuunda roketi uitwao Nakuja, jina ambalo mwanaisimu atalitambua mara moja kuwa ni neno moja lililo sentensi kamili. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi parachuti ya roketi nzito ya mfano inavyoteuliwa. Hoja yetu ni kwamba parachuti haichaguliwi kwa urefu wa roketi wala kwa kunakili jedwali la muuzaji. Huchaguliwa kwa kasi ambayo roketi inatakiwa kufika nayo ardhini, katika hewa ya mahali inaporushwa.

2. Istilahi

Baadhi ya wasemaji huita chombo hiki mwavuli. Neno hilo linaeleza umbo lakini linapotosha kazi: mwavuli hukinga mvua, ilhali parachuti hukamata hewa. Kwa hivyo tutatumia parachuti. Aidha, tutatenganisha tungamo, yaani kiasi cha maada kinachopimwa kwa kilo, na uzito, yaani kani ambayo dunia huvutia maada hiyo. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hubadilishana bila madhara. Katika hesabu hii hayabadilishani.

Roketi nzito ni ipi? Kwa kanuni zinazotumika Marekani, roketi ya mfano inayozidi gramu 1,500 huhesabiwa kuwa ya nguvu kubwa. Sisi tutachukua mfano wa roketi ya kilo 12 inaposimama kwenye jukwaa, ambayo kilo 2 kati ya hizo ni fueli. Fueli huteketea njiani. Tungamo la kushuka, basi, ni kilo 10, na hilo ndilo linaloingia katika hesabu.

3. Hesabu ya msingi

Parachuti ikishafunguka, roketi hushuka kwa kasi isiyobadilika pale ukinzani wa hewa unapolingana na uzito wake. Ukinzani huo hutegemea mambo manne: msongamano wa hewa, eneo la kitambaa, umbo lake na kasi. Athari ya umbo huwakilishwa na namba iitwayo mgawo wa ukinzani. Kwa parachuti bapa ya mviringo, namba hiyo huwa karibu 0.75, zile za umbo la kuba hupewa na watengenezaji hadi 1.5 au zaidi.

Eneo linalohitajika hupatikana hivi: zidisha tungamo kwa 9.81, kisha kwa 2. Gawanya kwa zao la msongamano wa hewa, mgawo wa ukinzani, na kasi iliyozidishwa kwa yenyewe.

Kasi ya kutua inayopendekezwa na wengi ni kati ya mita 4.5 na 6 kwa sekunde. Tukichukua 6, roketi yetu itagonga ardhi kana kwamba imedondoshwa kutoka kimo cha mita 1.8. Kwa msongamano wa kawaida wa usawa wa bahari, kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, parachuti bapa itahitaji kipenyo cha mita 2.75.

4. Hewa ya Nairobi

Hapa ndipo jedwali lililonakiliwa huponza. Majedwali mengi hukokotolewa kwa hewa ya usawa wa bahari, ilhali Nairobi iko juu kwa zaidi ya mita 1,600. Siku yenye nyuzijoto 20 za Selsiasi, msongamano wa hewa hapa ni karibu kilo 0.98. Parachuti ileile ya mita 2.75 itaishusha roketi kwa mita 6.7 kwa sekunde. Tofauti yaonekana ndogo, lakini nishati ya mgongano huongezeka kwa asilimia 25. Ili kurejea kwenye mita 6, kipenyo kiwe mita 3.07.

Izingatiwe kuwa tumetaja kipenyo. Mfasiri akiandika nusu kipenyo mahali pa kipenyo, eneo litabadilika mara nne na kasi mara mbili. Kosa la istilahi litakuwa limevunja roketi, au kichwa cha mtu.

5. Upepo na parachuti mbili

Je, kwa nini tusichague parachuti kubwa mno ili roketi itue kama unyoya? Jibu ni upepo. Tuchukulie kilele cha mita 1,500 na upepo wa mita 5 kwa sekunde. Parachuti kuu ikifunguka kileleni, roketi itashuka kwa sekunde 250 na kupeperushwa mita 1,250. Tukiuweka umbali huo kwenye ramani ya mtaa wa Woodley, unaopakana na Kibera na soko la Toi, tutaona kuwa kilo 10 zingeweza kutua juu ya mabati ya nyumba za watu au katikati ya wachuuzi. Bila shaka mtaa kama huo si mahali pa kurushia roketi. Mfano huu unaonyesha tu ukubwa wa uwanja unaohitajika.

Suluhisho ni parachuti mbili. Ndogo, tuiite tangulizi, hufunguka kileleni na kuishusha roketi kwa mita 25 hivi kwa sekunde. Kuu hufunguka ikisalia mita 200. Muda wote huwa sekunde 85, na upeperushaji mita 430 hivi.

Hata hivyo, kila faida ina gharama yake. Kuu ikifunguka ghafla kwa kasi hiyo, kani inaweza kukaribia mara 17 ya uzito wa roketi, yaani nyutoni 1,700. Kwa hakika kasi hupungua kadiri kitambaa kinavyojaa hewa, lakini kamba, mishono na vifungo vyote vichaguliwe kwa kuzingatia kikomo hicho. Hali kadhalika, kitambaa kikingwe dhidi ya joto la baruti inayokifyatua, kwani nailoni iliyoyeyuka haifunguki.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba mteuzi wa parachuti huanza na tungamo la kushuka, huamua kasi ya kutua, hupima hewa ya mahali pake, kisha ndipo hutafuta kipenyo. Mwishowe hukagua upepo na uimara wa kamba. Hatua zote hizi zimeelezeka kwa Kiswahili. Lililobaki ni wanafunzi wa Kiswahili kukaa meza moja na wenzao wa uhandisi na kuafikiana juu ya istilahi kabla roketi haijapaa, maana ikishapaa hakuna nafasi ya kusahihisha.