Chuma Kidogo chenye Ncha Iliyokunjwa: Ni cha Kazi Gani?

Ninyi mnaokaa katika vijiji vya Maniema, kutoka Kindu mpaka Kailo na Kalima, pengine mtaona chombo cha zamani katika nyumba ya babu au katika shamba lililoachwa. Kina mpini wa mti na chuma chembamba, na ncha yake imekunjwa kama mfereji mdogo. Vijana hukitazama na kusema: «Ni kisu kilichopindika.» Kisha hutaka kukipeleka kwa mfua chuma akinyoshe, au akifue kiwe chombo cha kuchimbia mawe. Ngojeni kwanza. Chombo hiki hakikupindika. Kilifanywa hivyo kwa kusudi. Kichunguzeni hivi.

Kwanza, tazameni makali. Panga lina makali katika upande wake mrefu. Tezo lina makali mbele, na chuma chake kinakingama na mpini. Chombo hiki kina makali penye kunjo tu. Basi si cha kukatia kuni, wala si cha kuchimbia udongo.

Pili, tazameni upana wa kunjo. Kisu cha kukomba ndani ya kinu kimepindwa kwa upana, kwa sababu hutoa mti mwingi. Kunjo la chombo hiki ni jembamba. Wazungu wana kisu kinachofanana nacho cha kusafishia kwato za farasi. Lakini katika misitu hii mbung'o huua farasi, basi kazi hiyo haikuwako.

Tatu, tazameni mahali palipolika. Chuma kimelika kwa kunolewa penye kunjo, na mgongo hauna alama ya nyundo. Basi kilivutwa kwa mkono, hakikupigwa.

Nne, kijaribuni. Kateni tawi bichi, mkivute polepole juu ya ganda. Kitatoa ganda jembamba kama utepe, na nyuma yake utabaki mfereji mdogo.

Sasa mjiulize: ni kazi gani inayotaka mfereji katika ganda, bila kuugusa mti wa ndani? Ni kazi ya mti unaotoa maziwa. Hiki ni kisu cha kugemea mpira wa hevea.

Hevea ulitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alichukua mbegu kadiri ya 70,000 toka Brazil mpaka London, na toka huko miche ilipelekwa Asia. Katika miaka ya 1890, huko Singapore, Henry Ridley alionyesha namna ya kugema mti mara nyingi pasipo kuuua. Baadaye mashamba ya hevea yalipandwa katika Kongo pia. Msichanganye kazi hii na mpira wa kamba za msituni, ambao wazee waliusimulia kwa uchungu. Watu walilazimishwa kuutafuta zamani za Leopold II, na tena wakati wa vita, baada ya Wajapani kutwaa Malaya mwaka 1942.

Maziwa ya hevea hukaa katika ganda. Mgema huenda asubuhi mapema, wakati maziwa yanapotoka vema. Huvuta kisu toka juu kushoto, kushuka chini kuume, kwa sababu mishipa ya maziwa imeinama kidogo, na mkato huu huikata mingi zaidi. Hutoa ganda jembamba tu, na huacha kadiri ya milimetri 1 juu ya mti. Maziwa hufuata mfereji mpaka katika kikombe. Kesho yake mti hupumzika.

Angalieni hatari hii. Mtu akitumia panga mahali pa kisu hiki, hujeruhi mti wa ndani. Ganda jipya huota lenye vifundo, na kisu hakiwezi kupita tena. Hata mti uliogemwa vizuri hutaka miaka 7 au 8 ganda lake lipate kurudi. Mwenye haraka hupata kikombe kimoja leo, akaharibu kazi ya miaka mingi.

Basi mkiona kisu hiki, tazameni na miti iliyo karibu. Hevea ina ganda la kijivu, majani matatu matatu katika kikonyo kimoja, na mbegu za kahawia zenye madoa. Mti uliogemwa zamani huonyesha kovu la mshazari. Msiikate wala msiigeme miti hiyo kabla ya kumwuliza mwenye shamba.

Vivyo hivyo kwa kila chuma msichokijua: tazameni makali, kunjo, na mahali palipolika, kisha kijaribuni polepole. Halafu kipelekeni kwa mzee aliyefanya kazi za mashamba, mwulize jina lake na namna ya kukishika, mkayaandike maneno yake. Fanyeni hivyo kabla ya kukiuza kwa kilo au kukitia motoni, maana chuma kikiisha kufuliwa upya, hakuna atakayeweza kukisoma tena.