Mbona Olunga Hakuchezea Stars CHAN? Iko Hivi

Kama ulipanda mat ya Kangemi kutoka tao Agosti 2025, pengine ulisikia huu ubishi: Benni McCarthy amemwacha Olunga nje aje? Maze, kocha hakuwa na makosa. CHAN ilikuwa ya wachezaji wa ligi ya nyumbani pekee, na Olunga alikuwa anacheza Qatar. Uwe moto aje, hungeitwa.

Na si lazima uende mbali. Mohammed Bajaber alitoka Kenya Police akahamia Simba ya Dar kabla tu CHAN ianze. Tanzania ilikuwa mwenyeji pamoja nasi na Uganda, lakini wapi! Harambee Stars haingemtumia ju alikuwa ligi ya wenyewe. Taifa Stars nayo haingemgusa ju ni Mkenya.

Lakini hapo ndio maboyz wa mtaani walipata mlango. Ryan Ogam wa Tusker aliitwa, akafunga Morocco pale Kasarani, 1-0. Haikuchukua muda akaelekea Wolfsberger, Austria.

AFCON nayo huita Mkenya popote anapocheza. So next time kikosi kikitoka, kabla umrushie kocha mawe, uliza kwanza: sheria za haya mashindano zinaruhusu nani?